Taa ya injini kwenye Celica ya 1992

Swali: Taa ya injini ya Toyota Celica yangu ya 1992 haizimi. Fundi anataka nibadilishe sensa ya oksijeni. Nikubali?

Jibu: Usinunue kitu bado. Fungua boneti, tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Hesabu taa inavyowaka: mara mbili, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni 21, yaani saketi ya sensa ya oksijeni. Hata hapo, kagua kwanza nyaya zake na ekzosi kama inavuja. Hewa ikiingia, hata sensa mpya itasoma vibaya. Ikitoka 22, chunguza sensa ya joto la maji. Muulize fundi alisoma namba gani. Kama hakusoma, tafuta mwingine.