Winchi ya Kukwamulia Motokaa na Vyuma Vyake

Wakati wa masika, katika nchi zenye udongo mweusi wa mbuga, motokaa ikizama matopeni watu hutoka mashambani kuja kusaidia, nao watoto husimama kando ya kamba kutazama. Hapo ndipo penye hatari. Kamba au chuma kikikatika katika mvuto mkubwa huruka kwa kasi isiyokwepeka, na huweza kuua mtu papo hapo. Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna ya kuchagua winchi na vyuma vyake, ili kijiji au chama cha ushirika chenye motokaa kisinunue mauti kwa fedha zake.

1. WINCHI. Hii ni mashine yenye gurudumu la kuviringia kamba, nayo aghalabu huzungushwa kwa umeme wa betri. Kanuni ya kuichagua ni hii: chukua uzito wa motokaa pamoja na mzigo wake wote, kisha uongeze nusu yake. Motokaa ya kilo 3,000 yataka winchi ya kilo 4,500. Basi winchi ya ratli 9,500, ambayo ni kilo 4,300 hivi, haitoshi. Ya ratli 12,000, ambayo ni kilo 5,400 hivi, yatosha.

Mtu asidhani kuwa nusu hiyo imeongezwa bure. Motokaa iliyozama hata tumbo lake likalala juu ya tope yaweza kutaka mvuto upitao uzito wake. Tena nguvu iliyoandikwa ni ya safu ya kwanza ya kamba tu, ile iliyolala juu ya chuma cha gurudumu. Kila safu iongezekayo hupunguza nguvu, hata kufika safu ya nne imepungua kwa robo au zaidi. Yafaa basi kufungua kamba ndefu, lakini kamba ya waya ibaki mizunguko isiyopungua 5. Kamba ya nyuzi huteleza zaidi, nayo yataka mizunguko mingi kuliko hiyo, kama mtengenezaji alivyoandika.

2. SHAKELI. Ndicho kile chuma cha umbo la upinde kifungwacho kwa pini. Shakeli njema imepigwa chapa ya herufi WLL na hesabu ya tani. Hesabu hiyo ni mzigo wa kazi usioruhusiwa kupitwa, wala si mzigo wa kuivunja. Isiyo na chapa usiinunue, hata ikiwa nene na yenye kung'aa. Ya unene wa inchi 3/4 kwa kawaida ni ya tani 4.75, nayo haitoshi kwa winchi ya kilo 5,400. Chukua ya inchi 7/8, ambayo ni ya tani 6.5. Angalia pia kuwa mikanda ya kuvutia mara nyingi huandikwa mzigo wa kukatikia. Usilinganishe hesabu mbili kabla ya kujua kila moja ni ya namna gani.

3. KAPI. Mabaharia wetu walilijua tangu zamani, maana ndilo lipandishalo tanga. Kamba ikitoka kwenye winchi, ikapita katika kapi lililofungwa mtini, kisha ikarudi na kufungwa kwenye motokaa, nguvu huwa karibu mara mbili na mwendo huwa nusu. Lakini kapi, mkanda na shakeli ya mtini hubeba mvuto wa kamba zote mbili. Winchi ikivuta tani 5, vitu hivyo huvutwa kwa tani 10. Shakeli ya tani 6.5 haifai hapo. Itakiwayo ni ya tani 12, na kapi lenyewe liwe na chapa ya kutosha.

4. WATU. Kamba ifungwe penye kulabu au tundu lililotengenezwa kwa kuvutia, wala isifungwe kamwe kwenye kirungu cha tela, maana kikikatika huruka kama risasi. Tandika blanketi zito juu ya kamba. Mtu asiivuke kamba iliyokazwa, wala asiishike waya bila glavu. Watazamaji wote wakae mbali kupita urefu wa kamba mara moja na nusu, na mtu mmoja tu atoe amri.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: motokaa na mzigo wake ni kilo 2,600, je, itakiwe winchi gani, na shakeli ya mtini ibebe kiasi gani kapi likitumika? Majibu ni kilo 3,900 na kilo 7,800.

Nanyi machifu na wakuu wa vijiji, kazi yenu ya kwanza ni kuwaondoa watoto kabla winchi haijaanza kuvuta. Wahenga walisema ajali haina kinga; lakini ajali ya namna hii kinga yake ni kusoma chapa na kusimama mbali.