FEDHA IKIINGIA WEUSI, USIIPARUZE

Fedha ninayotaka kuizungumzia leo si ile ya kununulia mahamri wakati wa mapumziko. Ni madini: fedha ya pete, mikufu, herini na vikuku.

Hata hivyo, fedha hizo mbili ni ndugu. Zamani hapa pwani watu walifanya biashara kwa reale ya Maria Theresa, sarafu iliyotoka Austria na kuandikwa mwaka 1780. Uzito wake ulikuwa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, 833 zilikuwa fedha. Zilizosalia zilikuwa shaba. Masonara waliziyeyusha wakafulia mapambo. Kwa hiyo kikuku kilichomo sandukuni mwa nyanya yako huenda kiliwahi kuwa pesa sokoni!

Sasa, mbona fedha huingia weusi? Wengi wetu tunadhani ule ni uchafu. La hasha! Hewani mna gesi kidogo yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza. Salfa hiyo hushikana na fedha, na kwa pamoja huwa kitu kipya cheusi kiitwacho sulfidi ya fedha. Shaba iliyochanganywa ndani nayo huingia weusi. Unyevu huharakisha mambo, na sisi wa pwani unyevu tunao wa kutosha. Jambo la kukumbuka ni hili: ndani ya ule weusi mna fedha yako. Ukiuparuza, unaiparuza fedha yenyewe na kuimwaga pamoja na maji machafu.

Hebu tazama mfano wa nyumbani kwetu. Mamake nyanya aliacha vikuku viwili vya jozi, vyenye nakshi ya maua. Kimoja alipewa nyanya, kingine dadake. Nyanya alikuwa akipangusa chake kwa kitambaa laini tu. Dadake naye, kila Idd ikikaribia, alisugua chake kwa majivu na mchanga, nacho kikimeta kweli kweli. Leo ukiviweka pamoja, kwenye kikuku cha nyanya utahesabu majani ya kila ua. Kile kingine ni laini kama kijiko, na maua yamebaki kivuli. Sonara alipovipima, kile kilichosuguliwa kilikuwa chepesi kuliko mwenzake. Tena alisema neno lililoniuma: kikuku chenye nakshi hununuliwa kama kazi ya fundi, lakini kisicho na nakshi hununuliwa kwa uzito na kutiwa motoni. Yaani kazi ya mikono ya watu na ukumbusho wa mama mzaa nyanya, vyote vinaweza kuishia kwenye majivu!

Kwa hivyo tufanyeje? Ipo njia ya kuurudisha weusi uwe fedha tena. Sisi wa kidato cha tatu tunasoma kwamba madini hayalingani nguvu. Alumini ina nguvu kuliko fedha, basi huipokonya ile salfa.

1. Chukua bakuli la plastiki au la kauri. Litandike karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, upande unaong'aa ukiwa juu au chini, si neno.
2. Weka pambo lako. Lazima liguse alumini.
3. Tia kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, kisha mimina maji moto kiasi cha nusu lita.
4. Subiri dakika chache. Utasikia harufu ya yai viza. Usishtuke, ni salfa inaondoka. Fungua dirisha.
5. Toa pambo, lisuuze kwa maji safi, lipanguse kwa kitambaa cha pamba hadi likauke kabisa.

Lakini tahadhari! Usitie humo lulu, marijani wala vito vilivyogandishwa kwa gundi. Pia kuna mapambo ambayo fundi aliacha weusi makusudi ndani ya nakshi ili maua yaonekane. Hayo yapanguse tu juu juu, kwa sababu maji haya yataondoa weusi wote. Dawa ya meno na waya wa kusugulia sufuria viache kabisa, maana hukwaruza. Na Jik isiguse fedha hata siku moja. Itaiharibu rangi papo hapo.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Vaa pambo lako mara kwa mara, kwani lile linalovaliwa halichafuki upesi kama lile lililosahauliwa. Jipake mafuta na marashi kwanza, fedha uvae mwisho. Ukilivua, lipanguse jasho. Lifunge kwa kitambaa safi cha pamba, ulitie katika mfuko wa plastiki na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu (chaki muombe mwalimu, usiibe!). Usiliweke karibu na mipira ya kufungia pesa, sweta za sufu, mayai au vitunguu, kwa maana vyote hivyo vina salfa.

Wenzangu, mng'aro wa siku moja ya Idd au ya harusi usitufanye tuifute kazi iliyodumu miaka mingi. Ukimwona mama au shangazi ameshika majivu na kikuku, mwambie kwa adabu, "Ngoja kidogo, nitakuletea bakuli." Usiache mbachao kwa msala upitao.