Kabla Samaki Hajaingia Mafutani: Jinsi ya Kulipia Chakula Hotelini kwa Simu Bila Kuzozana

Umeshiba, vidole vinanuka samaki, glasi ya maji iko tupu. Sasa imefika ile dakika ya kutoa simu. Unauliza, "Ni ngapi?" na bei unayotajiwa si ile uliyokuwa nayo kichwani. Au bei ni sawa, umelipa, lakini mwenye hoteli anasema pesa haijaingia. Hebu tuseme ukweli: wengi wetu tumewahi kuketi kwenye kiti hicho.

Somo letu la wiki hii tulilipata mezani. Tulikuwa watatu, tumeenda Ogwedhi, kule Migori karibu na mpaka wa Narok, kuongea na wafanyabiashara kuhusu malipo ya simu. Saa saba njaa ikatushika, tukaingia hoteli ya samaki kando ya soko. Hatutaitaja jina, kwa sababu yaliyotokea pale yanaweza kutokea hoteli yoyote nchini.

Unachagua kwa macho, unalipa kwa hesabu

Ogwedhi iko mbali kidogo na ziwa. Samaki anatoka fuo za Ziwa Victoria, upande wa Sori, Muhuru Bay au Homa Bay, anasafirishwa kwa gari au pikipiki mpaka sokoni. Ndiyo maana bei haikai mahali pamoja. Leo ngege ni wengi, kesho ni wachache. Tena hakuna ngege wawili wenye ukubwa sawa. Sinia linawekwa mbele yako, unanyoosha kidole: "Nipe huyu." Anaenda mafutani.

Tulifanya hivyo hivyo. Tulichagua ngege watatu wakubwa, wawili wa kukaanga na mmoja wa mchuzi, na hakuna aliyeuliza bei. Vichwani tulikuwa na Sh300 kwa kila samaki, maana ndiyo bei tuliyokuwa tumeisikia asubuhi. Bili ilipokuja, kila samaki alikuwa Sh450. Ongeza ugali na sukuma, Sh50 kwa kila sahani: jumla Sh1,500. Sisi tulikuwa tumejipangia Sh1,050.

Je, tuliibiwa? Hapana. Bei ya Sh300 ilikuwa ya samaki wadogo. Kosa lilikuwa letu, na samaki akishakaangwa harudi kwenye sinia.

Wajapani walikumbana na shida kama hii zamani, kwa sababu sushi nayo ni chakula cha kuchagua kwa macho: kipande hiki cha samaki juu ya wali, kile pale, na kingine tena. Mwaka 1958, Yoshiaki Shiraishi alifungua mkahawa huko Higashiosaka ambapo sahani za sushi zinazunguka mbele ya wateja juu ya mkanda. Wazo alilipata kwa kuona chupa za bia zikipita juu ya mkanda kiwandani. Katika mikahawa mingi ya aina hiyo, rangi ya sahani ndiyo bei. Ukimaliza kula, sahani zako zinahesabiwa, basi. Hakuna kubishana, kwa sababu ulijua bei kabla hujanyoosha mkono.

Ogwedhi hatuna sahani za rangi, na ngege mbichi tafadhali usimjaribu; samaki wa maji matamu anaweza kubeba vimelea. Lakini mdomo tunao. Swali moja linatosha: "Huyu ni ngapi, na ugali uko ndani ya hiyo bei?" Liulize kabla samaki hajaingia mafutani.

Meseji iko, pesa haiko

Tukiwa bado tunachambua mifupa, kijana wa bodaboda aliyeketi meza ya pili alisimama. Alikuwa amekula na rafiki yake, bili Sh480. Akabonyeza simu, akamwonyesha mhudumu: "Nimetuma, dada." Mhudumu akaangalia skrini haraka haraka, akaona Sh480, akasema asante. Kijana akawasha pikipiki na kuondoka.

Dakika kumi baadaye mwenye hoteli, mama mmoja mtulivu, alitoka jikoni na simu yake mkononi. "Hiyo ya meza ya pili iko wapi?"

"Amelipa, Mama. Nimeona meseji."

"Kwangu haijaingia."

Mhudumu akanyamaza. Tulikuja kuelewa kwa nini. Utaratibu wa hoteli ile ni kwamba mteja akiondoka bila kulipa, pesa inakatwa kwa aliyemhudumia. Na Sh480 ilikuwa zaidi ya anachopata kwa siku nzima.

Bahati nzuri kijana yule ni mteja wa kila siku, na namba yake inajulikana. Alipigiwa simu, akarudi, na kwa kweli alikuwa amekasirika. "Mimi si mwizi. Meseji hii hapa."

"Wuoda, hakuna aliyesema wewe ni mwizi," mama akamjibu. "Soma tu jina."

Akasoma. Jina halikuwa la hoteli wala la mama. Lilikuwa la mhudumu wa zamani, aliyeacha kazi miezi kadhaa iliyopita. Kumbe zamani hoteli ilikuwa ikipokea pesa kwa namba yake, na namba hiyo ilikuwa bado imeandikwa ukutani kwa chaki, pembeni ya kibandiko kipya cha till. Kijana aliiona, akaituma.

Ona basi: hapa hakuna mwizi. Mteja ni mwaminifu, mhudumu ni mwaminifu, mwenye hoteli anadai haki yake. Lakini mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote pale ndani ndiye aliyekuwa karibu kulipia kosa ambalo kusoma jina kungelizuia.

Hatua tano za kulipa hotelini

*1. Uliza namba, usiibahatishe.* Usichukue namba ya ukutani au ile iliyobaki kwenye simu yako tangu mwaka jana. Muulize mhudumu: "Namba yenu ya sasa ni ipi, na itatokea jina gani?" Swali la pili ndilo muhimu. Mhudumu asiyejua jina la till yake akamwite anayelijua.

*2. Jua unalipa kwa njia gani.* Till ni ya biashara. Kwa M-PESA, mteja anayelipa kwa Lipa na M-PESA kwenye till haongezwi ada. Mwenye biashara ndiye anayekatwa kiasi kidogo. Ukituma kwa namba ya simu ya kawaida, ada ni yako: kati ya Sh101 na Sh500 ni Sh7, na kati ya Sh501 na Sh1,000 ni Sh13. Pochi la Biashara linamsaidia mfanyabiashara mdogo kutenganisha pesa ya kazi na ya nyumbani, lakini wewe unayetuma unalipa ada kama ya kutuma kawaida. Na kama unatumia Airtel Money au T-Kash, usiogope ukiona till ya M-PESA: tangu Aprili 2022 mitandao hii imeunganishwa kwa malipo ya till.

*3. Soma jina kabla ya kukubali.* Simu itakuonyesha jina la anayepokea kabla pesa haijatoka. Hapo ndipo pa kutulia. Usilisome kimoyomoyo; litamke kwa sauti: "Ni hili?" Mhudumu akisema siyo, katiza. Kukatiza hakugharimu kitu.

*4. Ngoja upande wa pili.* Meseji yako ni ushahidi kwamba pesa imetoka kwako, lakini haithibitishi kwamba imefika kwa mwenye hoteli. Ngoja aone yake. Kwa wahudumu tunasisitiza hili zaidi: msikubali malipo kwa kuangalia simu ya mteja. Meseji ya kughushi inaandikwa kwa dakika moja, na hata meseji halali, kama tulivyoona, inaweza kuwa ya mtu mwingine. Kama simu ya malipo iko jikoni kwa mwenye hoteli, kubalianeni naye awe anaitikia kila pesa inapoingia: "Sh480, meza ya pili, imefika."

*5. Usifute meseji.* Ile namba ya muamala iliyo mwanzoni, yenye herufi na tarakimu kumi, ndiyo inayofuatiliwa kukiwa na shida. Itunze angalau mpaka siku iishe.

Ukikosea, fanya nini?

Pale Ogwedhi hatukungoja. Kijana alituma ile meseji yote ya M-PESA kwenda 456 palepale mezani, ili kuomba pesa irudishwe. Haraka ni muhimu, kwa sababu aliyeipokea akishaitumia, kuirudisha kunakuwa kugumu zaidi. Kama umelipa kwa till na umekosea kiasi, anza na mwenye biashara mwenyewe. Mkielewana, mambo yanaisha hapo hapo. Ukishuku kwamba ni ulaghai wala si makosa, mfano umepokea meseji ya malipo kutoka namba ya mtu badala ya jina MPESA, itume kwa 333.

Jambo moja zaidi: ukiomba pesa irudishwe, usimtukane aliyeipokea. Mara nyingi hajui hata imetoka wapi. Na wewe ukipokea pesa usiyoijua kisha mtu akakupigia akisema umrudishie, usimtumie kutoka mfukoni mwako. Mwambie afuate njia ya 456, kwa sababu kuna walaghai wanaotumia hadithi hiyo hiyo.

Mkigawana bili

Sisi watatu tulikuwa na Sh1,500 ya kulipa, Sh500 kila mmoja. Njia tuliyozoea ni mmoja alipe yote, wengine wawili wamtumie. Hiyo ni Sh7 kwa kila anayetuma. Tulimuuliza mama kama kila mtu anaweza kulipa Sh500 yake moja kwa moja kwenye till. Alikubali, akatuomba tu tumtajie majina yetu ili asichanganye. Ada kwetu: sufuri.

Sh7 ni kidogo, ndiyo. Lakini kama mnakula pamoja kila siku ya kazi na wewe ndiye unayetuma kila mara, kwa siku 20 ni Sh140. Hiyo ni karibu ugali na sukuma mara tatu, kwa bei ya Ogwedhi.

Iliishaje?

Mama hakumkata mhudumu wake siku ile. Alisema atangoja. Tulipompigia siku mbili baadaye kumjulia hali, alituambia pesa ilirudi kwa kijana, na kijana alikuja mwenyewe kulipa kwenye till, akala tena. Ile namba ya chaki imefutwa. Na mhudumu sasa ana sheria yake mpya: haondoi sahani mezani mpaka asikie sauti kutoka jikoni.

Kama una hoteli, kibanda au meza ya kuuzia samaki, angalia ukuta wako leo. Namba yoyote ambayo si yako, ifute. Na kama wewe ni mteja, wakati mwingine ukiketi kula, uliza bei samaki akiwa bado kwenye sinia, na soma jina pesa ikiwa bado kwenye simu yako.