Somo la Ufugaji: Vifaranga Wetu Wanakwenda Wapi?



Leo tutazungumza juu ya kuku wa kienyeji, hasa ulezi wa vifaranga.

Haya, tuanze na hesabu. Koo mmoja ametotoa vifaranga 10. Baada ya miezi miwili wamebaki 2. Toa 2 katika 10: wamepotea 8. Hao 8 wangalikua, wangalisaidia kununua sare na madaftari ya watoto. Tukiulizwa wamekwenda wapi, twajibu upesi, "Mwewe." Kweli, mwewe huchukua. Lakini mara nyingi mwewe anasingiziwa. Baridi, njaa, maji na maradhi huua vifaranga wengi, na hayo tunaweza kuyazuia.

1. Mayai

Kuku akitaga, tuandike tarehe juu ya yai kwa penseli. Tumejifunza kuandika, basi penseli yetu ifanye kazi hata bandani. Mayai ya kuatamiwa tuyaweke mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ielekee chini. Yai lililozidi siku 14 tusimpe kuku aatamie.

Koo wa kienyeji apewe mayai 10 hadi 12. Tuandike daftarini siku aliyoanza kuatamia, kisha tuhesabu siku 21. Kama ameanza tarehe 1 Machi, tutazamie vifaranga tarehe 22 Machi. Siku ya 7, wakati wa usiku, tumulike mayai kwa tochi. Yai lenye kifaranga huonyesha vishipa vyekundu ndani. Lisilo na kitu ndani tuliondoe.

2. Joto

Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, hajaota manyoya. Joto lake ni mbawa za mama yake. Kwa hiyo tusimwachie koo azurure na watoto wachanga kwenye umande. Tuwafunike kwa tenga, au tuwafungie ndani, wiki 4 za kwanza.

Wengine huwatenga vifaranga ili koo arudi kutaga mapema. Ni jambo zuri, lakini ukifanya hivyo wewe ndiwe mama yao. Zungushia mkeka au maboksi yafanye duara. Pasiwe na kona, maana hulundikana konani wakabanana mpaka kufa. Chini mwaga maranda makavu. Katikati weka kandili, uikinge ili wasiiguse wala kuiangusha. Pahali hapo wengine hupaita kinengunengu.

Je, joto linatosha? Vifaranga wenyewe watakwambia. Wakijikusanya karibu na taa na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, wako salama.

Tahadhari! Tusiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba tunacholala. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu.

3. Chakula na maji

Tuwape chenga za mahindi, dagaa waliopondwa na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Mchwa nao ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Jaza samadi na mabua yenye unyevu katika chungu kikuukuu, kifudikize juu ya njia ya mchwa, kesho yake utawakuta.

Maji yawe safi, katika sahani isiyo na kina. Tia vijiwe ndani, kifaranga asizame.

4. Mdondo

Huu ndio ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Wengine huuita kideri. Hauna dawa ya kuutibu. Una chanjo ya kuukinga. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku mzima asiyeumwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya kuitumia tusome kibandiko cha chupa: tarehe ya mwisho imepita? Ikiwa imepita, tuikatae.

Chupa moja hutosha kuku wengi. Basi nyumba kadhaa zichange, zimwite afisa mifugo, zichanje siku moja. Jirani asiyechanja anaacha mlango wazi kwa wote.

Kuna tabia moja mbaya. Kuku wakianza kusinzia, tunawakimbiza mnadani tupate chochote. Hapo tumeuza ugonjwa. Mwenzetu ataupeleka kwake, kisha utarudi kwetu. Mgonjwa tumtenge. Aliyekufa tumchome au tumfukie chini sana.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Koo wako wa mwisho alitotoa vifaranga wangapi? Wamebaki wangapi? Andika hesabu yako, kisha zidisha waliopotea kwa bei ya kuku mmoja hapo kijijini.

2. Kuku alianza kuatamia tarehe 10 Juni. Atatotoa tarehe ngapi?

3. Nyumbani kwako nani hulisha kuku, na nani huamua wauzwe? Je, ni haki?

4. Mtachanja lini? Chagueni mtu wa kukusanya michango, na mwingine wa kuandika majina. Msiondoke kabla ya kupanga tarehe.