Kausha Maji ya Gari la Kambi Kabla ya Masika

Mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Udongo mweusi wa mbuga ya Katisunga ukishalowa, gari zito halitoki. Kwa hiyo gari la kambi lenye tenki, sinki na bafu hubaki limeegeshwa Mpanda au Sitalike miezi mingi.

Vitabu vya magari haya vimewalenga watu wa nchi za baridi, ambako maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mabomba. Humo utaelekezwa kumimina dawa ya kuzuia barafu. Mpanda hakuna sakitu, hivyo hatua hiyo iache. Kulanti ya rejeta ndiyo usiitie kabisa kwenye mabomba ya maji: nyingi zina ethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Lakini kutoa maji ni lazima hata huku. Maji yaliyolala kwenye joto letu huota ute ndani ya mipira, na mbu akipata upenyo, yai lake huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili.

Anza na hita. Izime, umeme na gesi, kisha subiri ipoe. Maji yake ya moto yameshaunguza mikono ya mafundi wengi. Fungua koki ya chini ya tenki, halafu koki zote, za moto na za baridi, pamoja na bomba la kuogea lililoning'inizwa chini. Washa pampu kwa sekunde chache tu ili iteme yaliyobaki. Pampu ikizunguka kavu kwa muda mrefu huungua.

Maji hujificha kwenye vikunjo vya mipira. Fundi wa matairi anaweza kuyapuliza kwa kompresa, ila mwambie asizidishe psi 30, maana viungio vya plastiki vitaachia. Chujio litoe ulitupe. Tenki la choo limwage kwenye shimo la choo, si vichakani.

Chini ya sinki kuna bomba lenye mkunjo unaozuia harufu na mende. Huo uachie maji kidogo, uongeze kijiko cha mafuta ya alizeti yaelee juu, ili maji hayo yasikauke wala mbu wasizaliane. Matundu ya hewa yafunge kwa wavu: nyigu hupenda kujenga humo, na panya hutafuna mipira.

Mvua zikiisha, jaza tenki maji safi na klorini. Kwa Jik ya asilimia 3.5, weka mililita 150 kwa kila lita 100. Soma lebo kwanza. Fungua kila koki hadi harufu ya klorini isikike, acha kwa saa nne, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Maji hayo ya dawa yamwage ardhini, mbali na Mto Katuma. Viboko, samaki na watu wa Sitalike wote wanautegemea.