Nyuma… Geuka!
Somo: Yoshua 6:1-20, 1 Samweli 13:8-14

Wale mna vijana waliopitia shule ya makurutu kule Eldoret, waulizeni gwaride lilianzaje. Si bunduki. Ni kusimama tu, mguu pande, mguu sawa, hadi jasho lifike kwa viatu. Halafu kutembea, na ajabu ni kwamba mtu aliyetembea maisha yake yote, akiamriwa tu, anarusha mkono na mguu wa upande mmoja!

Lakini kazi kubwa ya afande iko kwa sikio. Amri ina sehemu mbili. "Nyumaaa" ni kukuambia kitakachofuata. "Geuka!" ndiyo ya kufanya. Katikati afande anavuta makusudi, maana anajua kuna kurutu ataruka mapema. Na kikosi kikiwa mwendoni, huyo wa mapema anagongana uso kwa uso na mwenzake wa nyuma.

Sauli aliruka mapema. Aliambiwa angoje Samweli siku saba, watu wakaanza kutawanyika, akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli huyo, akaingia! Sadaka si dhambi, kosa ni kwamba "geuka" ilikuwa haijasemwa.

Sasa linganisha na Yeriko. Mzunguko mmoja kila siku kwa siku sita, saba siku ya mwisho, jumla 13, na watu wamekatazwa hata kutoa sauti mpaka Yoshua aseme. Walijua tangu mwanzo mji ni wao. Kujua hakukuwaruhusu kupiga kelele.

Hapa Mwea nimeona mpendwa akiuza mpunga ungali shambani, bei ya kutupa, kwa sababu "Bwana amesema nifungue duka". Huenda alisema kweli, mimi sibishani. Duka lilifungwa kabla ya mavuno, na aliyegongwa ni mama watoto, ambaye hakuulizwa.

Utajuaje "geuka" yako? Angalia kama amani iko, kama Neno linakubali, kama wale unaotembea nao wamesikia pia. Hata mitume, wakiwa tayari wametumwa, waliambiwa wangoje Yerusalemu kwanza (Matendo 1:4).

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, kila mmoja aje na jambo moja ambalo amesikia "nyuma" yake tu. Mume na mke waje pamoja.