Dumu Kwenye Tawi la Mwembe

Wenzangu wa ualimu wa Fizikia mtanielewa haraka. Wa kozi nyingine mnivumilie kidogo, maana stori yenyewe ni ya trekta.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Chato, upande wa Buseresere. Mjomba ana Massey Ferguson 135, ile yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na hili la kwetu halina hata kibao cha kuonyesha umri wake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshadondoka, na mjomba alikuwa amepokea nusu ya malipo ya watu sita ili awalimie mashamba ya pamba na mahindi. Hela hiyo ilikuwa imeshaliwa. Nyingine ilinunua dizeli, nyingine ilikuwa imelipa ile sehemu ya ada yangu ambayo mkopo haukuifikia. Kwa hiyo trekta lilipoanza kuzima, mimi nilikosa usingizi kuliko mwenye trekta.

Lilikuwa linalima vizuri dakika ishirini hivi, kisha linapungua nguvu, linakohoa, kimya. Tunashuka, tunafungua mfuniko wa tenki kuchungulia kama mafuta yapo. Yapo. Tunafunga, tunakaa kivulini. Baadaye dereva anapampu kidogo kwa mkono, anapiga stata, linawaka. "Limezeeka," mjomba akasema, "linataka kupumzika kama mimi." Fundi wa kwanza aliyeitwa hakufungua kitu. Alisikiliza injini, akasema pampu ya nozeli imekufa, akataja laki nane.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuhudumia injini za makarasha ya dhahabu huko Katoro. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia, macho yako kwenye injini. Kisha akaomba vitu vitatu: dumu safi la lita tano, mpira wa mafuta wa mita moja na nusu, na kilipu mbili. "Kabla ya kununua pampu," akasema, "tumtundikie mgonjwa dripu."

Wazo lake ni rahisi. Kwenye injini ya dizeli mafuta yanatoka kwenye tenki, yanavutwa na pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, yanapita kwenye filta, yanaingia pampu ya nozeli, ndipo yanapigwa kwenye silinda. Injini ikizima kwa kukosa mafuta, kosa linaweza kuwa popote kwenye njia hiyo. Sasa ukiliacha tenki pembeni na kuleta mafuta kutoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka mlango wa pampu ndogo, umeikata njia vipande viwili. Injini ikikubali, kosa limebaki nyuma, kwenye tenki na bomba lake. Ikizima tena, unaruka na pampu ndogo, unaunga mpira kwenye filta, unajaribu upya. Hivyo hivyo mpaka kosa likose pa kujificha.

Trekta lilisukumwa chini ya mwembe, dumu likafungwa kwenye tawi, kama mita moja juu ya injini na mbali na ekzosi. Hapo nikaingilia kati kisomi. Nilipiga hesabu kichwani: kimo cha mita 1, mara uzito wa dizeli, kilo 830 hivi kwa mita ya ujazo, mara 10. Unapata paskali 8,300. Nozeli inafunguka kwa zaidi ya paskali milioni 15! Nikamwambia mzee kwa heshima zote kwamba dumu lake haliwezi kuwasha injini.

"Mwalimu," akasema, "dumu linaleta mafuta mlangoni tu. Kupiga ni kazi ya pampu." Na ni kweli. Pampu ya nozeli ya aina hii ina kipampu kingine kidogo ndani ya tumbo lake kinachopokea mafuta na kuyasukuma mbele. Nilinyamaza.

Baada ya kuunga mpira, alilegeza skrubu ya filta, akapampu kwa mkono mpaka povu likaisha na dizeli ikatoka safi, akakaza. Akafanya vile vile kwenye pampu ya nozeli. Hii ya kutoa hewa usiiruke, kwa sababu hewa inabonyea na dizeli haibonyei, na povu dogo tu linatosha kuifanya nozeli ishindwe kupiga. Bomba la kurudisha mafuta, ambalo mafundi wanaliita ritani, alilielekeza kwenye kopo, akanipa kazi ya kulichunga. Injini ikawaka kwa mara ya kwanza. Akaongeza moto, akakaa kwenye gogo.

Upepo ulikuwa unapuliza vumbi. Mimi, kwa nia njema kabisa, nikapanda nikakaza kifuniko cha dumu ambacho mzee alikuwa amekiacha kimelegea.

Ikapita kama robo saa. Injini ikakohoa. Ni kikohozi kile kile cha shambani, hata mjomba aligeuka. Nikajua laki nane imeondoka, na ada ya muhula unaofuata nayo imeondoka. Lakini mzee hakuangalia injini. Aliangalia juu. Dumu lilikuwa limebonyea mbavu, limekonda kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Alipanda, akalegeza kifuniko, dumu likavuta pumzi kwa sauti, na injini ikarudia mlio wake. Kisha akashuka taratibu, akaenda kuuchukua mfuniko wa tenki uliokuwa juu ya madigadi.

Mfuniko ule una kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Juu yake palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekazwa kwa waya vizuri sana. Nilikifunga mimi, siku ya pili ya likizo, ili vumbi lisiingie.

Mjomba aliuliza, "Mwalimu, hii ni kazi yako?" Nikasema ndiyo, mjomba.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwenye mazoezi ya kufundisha nililisimamisha darasa zima la kidato cha kwanza nikiwaeleza kwa nini kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili. Nilichora mpaka mishale ya kanieneo. Hesabu yenyewe iko hivi. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hewa inakandamiza kwa paskali kama 88,000. Tenki likiwa na nafasi ya hewa ya lita 10 na limezibwa, ukitumia lita 1 ya dizeli hewa ile inatanuka kuwa lita 11, na kwa kanuni ya Boyle kanieneo inashuka hadi 80,000. Umepoteza 8,000, karibu sawa na nguvu yote ya dumu lililoning'inia mita moja. Na kila tulipofungua mfuniko kuchungulia mafuta, tulikuwa tunatibu ugonjwa bila kujua, tukasifia kivuli.

Kwa atakayejaribu: dumu liwe halijawahi kubeba petroli wala maji, mpira usiguse ekzosi, mtu mmoja asibanduke hapo, na dumu lisiishe kabisa, la sivyo hewa itaingia na utaanza upya.

Mjomba alitaka dumu libaki limefungwa kwenye trekta kama akiba, wamalizie msimu. Mzee alikataa katakata. Shambani linaruka, mpira unachomoka, dizeli inamwagikia ekzosi ya moto, na dereva amekaa nyuma yake. Alikunja mpira wake, akachuja dizeli iliyobaki kwa kitambaa na kuirudisha kwenye tenki, akapokea elfu thelathini, akapanda bodaboda. Kitundu cha mfuniko sasa kimefunikwa na kipande cha chandarua. Kufikia Jumamosi shamba la mteja wa tatu lilikuwa limekwisha.